Nilivyompeleka Mwanangu Kituoni

Mwaka wa pili baada ya kuhamia kijijini, balozi wetu wa nyumba kumi alipita mlango hadi mlango akitangaza kwamba kituo cha kulelea watoto kimekwisha kuezekwa. Kila mama mwenye mtoto aliyeacha kunyonya na ambaye hajafikia umri wa darasa la kwanza ampeleke. Mlezi amefika, amesomea kazi hiyo, uji utapikwa pale pale. Akina mama sasa watakwenda shamba la kijiji bila mtoto mgongoni.

Mimi nilikuwa na mtoto mmoja wa umri huo, msichana wa miaka minne. Ndiye peke yake niliyekuwa naye. Kaka yake alifariki mwezi ule ule tuliohama. Tulishushwa kwenye uwanja uliopimwa kwa kamba, kila familia ikaonyeshwa kiwanja chake, na mvua zikaanza kabla hatujapandisha paa. Tulilala chini ya turubai, tukiwa tumebanana na mbuzi. Mtoto alikohoa siku nne tu. Sisemi waliotuhamisha ndio waliomuua, maana hata huko tulikotoka watoto walikufa kwa kifua. Ninachosema ni kwamba nilimzika kwenye ardhi nisiyoijua, na tangu hapo huyu wa pili sikumwachia mtu, hata kwa muda wa kuteka maji.

Kwa hiyo nilikwenda naye shambani. Alikuwa mkubwa, miguu yake ikining'inia hadi magotini kwangu, na wanawake wenzangu wakicheka. "Huyo utambeba mpaka kwa mume wake?" Niliwaacha wacheke. Nilimkalisha pembeni mwa shamba la pamba, chini ya kanga niliyoifunga kwenye vijiti vinne, nikawa napalilia huku nikigeuka kila baada ya hatua tatu.

Siku moja niligeuka nikamwona ameshika kopo la dawa ya pamba. Wanaume waliokuwa wakinyunyizia walikuwa wameliacha kwenye tuta. Alikuwa amelikumbatia kwa mikono miwili kama kibuyu cha maziwa, mdomo wake ukiwa karibu na tundu. Nilikimbia nikakanyaga jembe, likanichana unyayo. Hakuwa amekunywa. Nilimnusa mdomo, nikamnusa tena, nikamwosha mikono kwa maji yote tuliyokuja nayo kunywa, na wenzangu walinung'unika kwa kiu hadi mchana.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kwamba nafikiria kumpeleka kituoni.

Alikuwa anasuka kamba ya ndama. Hakuinua kichwa. "Mtoto wa kike ni wa mama yake mpaka siku ng'ombe zitakapoingia," alisema. "Amua wewe."

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, alisikia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mguu mmoja uliovimba, na aliniita binti wa ng'ambo, kwa sababu mimi nilizaliwa Kemambo, upande wa pili wa Mto Mara, nikaolewa huku Serengeti. Hakuniita hivyo kwa ubaya.

"Binti wa ng'ambo," alisema, "mtoto halelewi na mtu asiyejua ukoo wake. Niachie mimi."

"Mama, mguu wako hauwezi kumkimbilia."

"Watoto wangu saba niliwakimbilia?"

Watoto saba alizaa, watatu ndio waliokuwa hai.

Mlezi alikuja nyumbani kwetu siku ya pili, akiwa na daftari kubwa kwapani. Alikuwa msichana kutoka Singida, hajafikisha miaka ishirini na miwili, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Sisi tulichanganya maneno ya nyumbani na ya serikali. Watu wote walimwita mwalimu. Aliniamkia shikamoo, ingawa hatukupishana miaka mingi, na nilipomkaribisha kigoda alikaa chini kwenye ngozi, karibu na mtoto.

"Mama, nimesikia unasitasita," alisema. "Una haki. Mimi sitakudanganya kwamba hataugua. Watoto wakikaa pamoja huambukizana mafua, huambukizana upele. Lakini atakula uji wenye karanga kila siku, na nitamwona kwa macho yangu tangu unaponikabidhi hadi unapomchukua."

"Mko wangapi wa kuwaona?"

"Mimi na mpishi."

"Na watoto?"

Alifungua daftari, akalitazama, akalifunga. "Wengi," alisema. "Lakini kuna jambo lingine. Nesi wa chanjo atakapokuja na gari, ataanzia kituoni. Watoto wa kituoni watachanjwa surua wote siku moja. Wa majumbani watasubiri, na dawa ikiisha imeisha."

Hilo ndilo lililonigeuza. Uji ningeweza kupika mwenyewe. Lakini surua tuliijua. Ilipopita mahali, watu walihesabu watoto wao baada yake, si kabla. Usiku kucha niliwaza, na alfajiri nilimwosha mwanangu, nikampaka mafuta ya ng'ombe, nikamvalisha gauni lake moja zima.

Mama mkwe alisimama mlangoni kwake akitutazama tukipita. Alishika tu mkono wa mtoto kidogo, akauachia.

Kituo kilikuwa nyumba ya matope ya chumba kimoja, sakafu ya udongo uliosiribwa kinyesi cha ng'ombe, na ubao mmoja mweusi. Nilidhani mwanangu atalia. Hakulia. Aliona watoto wenzake wamekaa duara wakipiga makofi, akauchomoa mkono wake kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyekwenda shambani nikilia njia nzima, na mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka akaniambia, "Nyamaza, hujamzika." Alipokumbuka kwamba nilishazika, alishika mdomo.

Wiki zilizofuata naziandika kwa haraka kwa sababu zilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio unaoniuma zaidi. Mwanangu alinenepa. Alikuwa mtoto wa kunong'ona, anayezungumza nami tu na mbuzi, na sasa alirudi nyumbani akiimba nyimbo za mwalimu kwa sauti, akamfundisha bibi yake kuhesabu vidole kwa Kiswahili. Bibi alikosea makusudi ili asahihishwe. Jioni moja mtoto alichukua mkaa akachora mviringo kwenye ukuta wetu, akasema, "Hii ni mama." Mume wangu alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka.

Mimi nilipalilia safu mbili kwa wakati niliokuwa nikipalilia moja. Nilianza pia kwenda kisomo cha watu wazima alasiri, na huko ndiko nilikojifunza herufi hizi ninazoandikia.

Gari la chanjo lilitangazwa kuja, halikuja. Mvua za masika zilijaza mto, daraja la miti likachukuliwa. Likatangazwa tena. Tuliwapanga watoto mstari mbele ya kituo, wamenyolewa, wameoshwa, tukangoja hadi jua likawa utosini. Alikuja mtu wa baiskeli akasema barafu imeyeyuka njiani na dawa imeharibika, nesi amerudi nayo. Mwalimu aliwaingiza watoto ndani. Nilimwona akigeukia ukuta, akisimama hivyo kidogo, kisha akaanza kuwaimbisha.

Surua ililetwa na familia moja iliyokuwa imekwenda matanga upande wa Tarime. Mtoto wao hakuwa wa kituoni. Lakini alicheza na waliokuwa wa kituoni, kama watoto wanavyocheza kila mahali. Mwalimu alipoona mtoto wa kwanza ana macho mekundu na joto, alifunga kituo siku hiyo hiyo, akapita nyumba kwa nyumba akituonya. Alifika kwetu amelowa hadi magotini. Mwanangu alikuwa tayari amelala ndani, anaogopa mwanga.

Mume wangu alikuwa malisho ya mbali na ng'ombe, hivyo mama mkwe alishika uongozi wa nyumba, na mimi nilimwachia. Alijua surua kuliko sisi wote. Mtoto wa surua hatolewi nje. Haogeshwi. Hapewi nyama. Na zaidi ya yote hachomwi sindano, kwa sababu sindano huurudisha upele ndani nao humuua. Hayo hayakuwa maneno yake peke yake. Kijiji kizima kilisema hivyo, hata balozi. Tulifunika dirisha kwa ngozi, nikakaa gizani nikimpepea mwanangu kwa kipande cha kanga. Kinywa chake kilijaa vidonda, akawa anakataa hata maziwa.

Siku ya nne macho yake yaliganda usaha. Mwalimu alikuja tena. Aliinama kitandani, akaligusa paji la uso wa mtoto, akazipanua kope zake kidogo kwa vidole.

"Mama, huyu apelekwe hospitali leo," alisema. "Macho haya si ya kungoja. Kama baba yake hayupo, nipe mimi nimbebe. Nitambeba mpaka barabarani, tutapata lori la pamba."

Mama mkwe alisema kwa lugha yetu, na mwalimu hakuielewa, lakini aliielewa sauti. "Huyu ndiye aliyetuletea ugonjwa. Sasa amekuja kumchukua aliyebaki."

Nilikuwa sijalala siku nne. Nilimtazama yule msichana, nguo zake safi, daftari lake kwapani hata siku ile, na chuki ilinipanda kama tapishi. "Nilikupa mtoto mzima," nilimwambia. "Nilikukabidhi mkononi. Ulisema utamwona kwa macho yako."

"Ni kweli, mama. Nilisema."

"Toka nyumbani kwangu."

Alitoka. Akasimama uani, akasema mara moja tu, bila kugeuka, "Mama, msimwekee kitu machoni. Maji ya chumvi tu yaliyochemshwa. Nakusihi."

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alirudi kutoka porini na majani aliyoyajua yeye. Aliyaponda kwenye kinu kidogo, akayakamua kwa kitambaa. Maji yake yalikuwa ya kijani na yalinuka ukali. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa uzee, hakuweza kulenga. Akaniambia, "Weka wewe. Wewe ndiye mama."

Nilimlaza mwanangu mapajani, nikambana kichwa kwa magoti yangu, nikafungua kope zake kwa vidole nikatia. Alipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia tena kwa mtu wala mnyama. Nilitia jicho la pili. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni, siku tatu. Hakuna aliyenishika mkono.

Upele ulikauka. Joto likashuka. Mama mkwe akashukuru Mungu kwa sauti, na mimi nikamshukuru. Tulipofungua dirisha mwanangu hakukunja uso. Niliinama nikaona macho yake meupe, moja likiwa limebonyea, jingine kama limefunikwa na utando wa maziwa yaliyochemka.

Mume wangu alirudi siku hiyo kutoka malishoni, akamfunga mtoto kwenye baiskeli kwa shuka, tukaenda hospitali, yeye akisukuma, mimi nikishika kichwa cha mtoto. Nesi mmoja mzee alimtazama kwa tochi. Alitazama muda mrefu.

"Mmemwekea nini machoni?" aliuliza.

"Hatukuweka kitu," nilisema.

Alizima tochi. "Mama, hawa huletwa kwangu kila mwaka. Surua peke yake haifanyi hivi kwa siku chache. Nauliza ili nijue, sio kukuadhibu."

"Ni surua," nilisema. Mume wangu alinitazama, na nikajua kwamba amejua. Alikuwa amekiona kile kitambaa cha kijani kwenye kamba ya nguo.

Kwa jicho moja hakukuwa na la kufanya. Jingine lingeweza kuona mwanga na giza, basi.

Njiani kurudi mume wangu alisema neno moja tu. Alisema, "Uliamua." Hakueleza uamuzi upi, wa kituo au wa dawa, na miaka yote tangu hapo sijamwuliza.

Watoto tisa walikufa kijijini msimu ule. Wanne walikuwa wa kituoni, watano hawakuwahi kukanyaga pale, mmoja wao alikuwa wa balozi mwenyewe. Lakini watu wenye uchungu hawapigi hesabu hivyo. Mkutano uliitishwa mbele ya ofisi ya kijiji, na viongozi wakakaa mezani. Akina mama walisimama mmoja mmoja wakasema kwamba kituo kimeua watoto, kwamba mwalimu alijua ugonjwa umekuja akaficha, kwamba yeye hana mtoto na hajui uchungu.

Nami nilisimama. Mwanangu alikuwa mgongoni kwangu, tena kama zamani. Nilimshusha nikamgeuza ili wote wamwone. Nikasema, "Huyu nilimpeleka akiwa na macho mawili." Wanawake walianza kulia. Nikasema, "Nilimkabidhi huyu binti, naye amenirudishia hivi." Hakuna aliyesema zaidi yangu siku ile. Maneno yangu ndiyo yaliyomaliza shauri.

Mwenyekiti akamwuliza mwalimu kama ana la kujibu. Alisimama. Alinitazama, akamtazama mtoto, kisha akanitazama tena. Yeye alikuwa ameyaona macho ya mwanangu siku ya nne, na alijua kwamba siku ya nne yalikuwa yangali na mboni. Angeweza kulisema hilo. Kila mtu pale alijua dawa za porini, wangeelewa mara moja.

"Sina la kuongeza," alisema. "Nampa pole mama."

Aliondoka wiki ile kwa lori la pamba, amekaa juu ya magunia na sanduku lake la bati. Kituo kilifungwa. Baadaye kikawa ghala la mbegu, na kisha kuta zikaanguka.

Mama mkwe alikufa miaka mitatu baadaye, mguu ukiwa umeoza. Hatukuwahi kuzungumza juu ya majani yale. Ila tangu siku tuliyotoka hospitali yeye ndiye aliyemlisha mtoto, akimwelekeza tonge kwa tonge, na alikataa kula mpaka mtoto ashibe. Alikuwa akimpenda sana. Hilo nalo ni kweli, na sijui mahali pa kuliweka.

Mwanangu alipofikisha miaka tisa, afisa wa elimu alipita akisema ipo shule ya wasioona mkoa mwingine, na kwamba serikali itamsomesha. Mara hii nilikataa kuamua. Nilimwambia mume wangu aamue yeye, naye akamwita mtoto akamwuliza mwenyewe. Mtoto akasema, "Kuna kuimba?" Afisa akasema kupo. Akasema, "Nitakwenda." Aliondoka siku ya tatu, na mimi ndiye niliyemfungia nguo zake kwenye kitambaa.

Alisoma. Alijifunza kusoma kwa vidole, akajifunza kazi ya simu, akaajiriwa ofisini mjini kuunganisha watu wanaotaka kuzungumza na watu wa mbali. Kijijini walijivunia. Mimi nilipopongezwa niliitikia ahsante.

Alipokuja likizo moja, akiwa mtu mzima, tulikuwa wawili jikoni tukichambua mboga. Bila kubadilisha sauti aliniuliza, "Mama, ile dawa ya machoni, ilikuwa ya nini?"

Sikujua kwamba anakumbuka. Nilidhani umri ule haukumbuki. Nilifikiri kusema surua. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nililizoea kwa miaka ishirini. Badala yake nilimwambia yote, tangu kopo la dawa ya pamba hadi mkutano, na jinsi nilivyombana kichwa kwa magoti.

Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kuchuma majani kwenye vikonyo. Nilipomaliza hakusema amenisamehe, wala hakunilaani. Aliuliza, "Na mwalimu? Mlimwambia?"

"Hapana."

"Hata barua?"

"Hata barua."

"Alinifundisha wimbo wa vidole," alisema. "Nilikuwa nauimba bwenini." Kisha akasema, "Mwandikie, mama. Unajua kuandika."

Niliandika. Nilijua jina lake moja na mkoa aliotoka, basi. Niliandika kwa ofisi ya elimu ya mkoa ule nikiomba wamtafute, na ndani yake nikaweka barua ya pili iliyofungwa, yake yeye. Haikujibiwa. Mwaka uliofuata niliandika nyingine, na baadaye nyingine kwa chuo nilichoambiwa alisomea. Wao walijibu kwamba daftari za miaka ile zimeliwa na mchwa.

Binti yangu akija huniuliza kama pana jibu. Nikimwambia hakuna, huuliza habari za baba yake na za ng'ombe.